Chandarua cha Kufunikia Kapu

Fundi cherehani alipanda basi apate kusinzia, lakini kwenye kiti cha mbele yake mama muuza samaki alikuwa keshampata wa kumsikiliza.

"Mume wangu yuko rumande, kaka! Kalazwa chumba kimoja na wavunja nyumba, kisa kipande cha chandarua. Leo ndio anapelekwa kwa hakimu."

Jirani yake, mwanamume wa kaunda suti mwenye mfuko magotini, akaguna. "Chandarua kinazoa hata vifaranga vya samaki, dada. Sheria ni sheria."

"Hakuvulia! Nilimpa mimi afunikie kapu, nzi wasitue. Si wangemtoza faini tu, akarudi nyumbani?"

"Faini? Wenye meli za uvuvi watalipa huku wanacheka, kesho wanarudia yale yale."

"Basi wafungwe hao wenye meli!"

Mwanamume akaukumbatia mfuko wake. Fundi, aliyekuwa amechoshwa na wote wawili, akajikuta anangoja jibu.

Basi likasimama mbele ya mahakama. Mwanamume alipoinuka mfuko ukafunguka, chandarua kikaning'inia. Pindoni kilipitishiwa kamba, kama kifuniko chochote cha kapu.

Mama akaidaka ile kamba. "Hii niliipitisha mimi! Nani anavua na kamba ya kapu?"

"Mimi ni afisa uvuvi. Achia, dada, hicho ni kielelezo."

"Ni kifuniko!"

"Mahakamani, shukeni!" konda akafoka.

Wakashuka hivyo hivyo, kila mmoja kang'ang'ania upande wake.