Mzee Ndalahwa na Mabegi Sitini ya Kupendeza

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, Mzee Ndalahwa Shimba, mkuu wa stoo ya kampuni yetu ya mbegu hapa Nyakato, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Aliajiriwa mwaka 1993 akiwa karani wa kuhesabu magunia, na anaondoka akiwa mtu pekee katika jengo hili anayejua kila ufunguo unafungua nini. Uongozi umeniomba niandike wasifu wake, nitaje mafanikio yake, nisizidi kurasa mbili, na nisiweke mambo mengi ya mabegi. Katika hayo ya mwanzo nimejitahidi.

Mzee Ndalahwa ni mzaliwa wa Magu, mtoto wa wakulima wa pamba. Amemuoa Mama Teodora na wana watoto wanne, wote wakubwa. Wageni wengi wa kampuni walimdhania mlinzi, kwa sababu alipenda kukaa mlangoni mwa stoo, na yeye hakuwahi kuwasahihisha. Aliwaonyesha tu njia ya kwenda utawala.

Mwaka mmoja wa mvua kubwa, maji yalipoanza kuingia stoo, hakusubiri kibali. Aliita vibarua, wakahamishia magunia ya mbegu juu ya meza za ofisi ya utawala. Utawala ulifanyia kazi kwenye korido kwa wiki mbili. Mbegu zilipona na msimu ukaenda vizuri. Mzee Ndalahwa aliandikiwa barua ya kuonywa kwa kutumia samani za ofisi kinyume na taratibu. Barua hiyo aliitunza kwenye jalada lake, akaiandikia namba.

Alikuwa na tabia moja iliyowachosha wauzaji. Hakusaini kupokea kitu ambacho hajakivuta, hajakikunja, au hajakikalia. Viti arobaini vilipoletwa kwa ajili ya ukumbi, alivikalia vyote, kimoja baada ya kingine, huku dereva wa lori akiangalia saa. Kiti cha thelathini na moja kilimwangusha. Akiwa bado sakafuni aliomba kalamu, akaandika kwamba amepokea viti thelathini na tisa.

Sasa mabegi.

Mwaka 2019 kampuni iliwapa maofisa ugani wote kompyuta mpakato, ili tuache kuandika takwimu za mashamba kwenye madaftari. Kompyuta zilikuja na vifuko vyembamba ambavyo zipu zake hazikumaliza mwezi. Mkuu wa utawala wakati huo, Bwana Jovinary Muganyizi, aliunda Kamati ya Kuchagua Begi la Kudumu. Ilikuwa na wajumbe saba, wote watu wa ofisini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupeleka kompyuta shambani kwa pikipiki. Mzee Ndalahwa aliteuliwa kuwa katibu kwa sababu ana mwandiko mzuri.

Kamati ilikaa vikao kumi na kimoja. Vikao vinne vilijadili rangi. Viwili vilijadili nembo ya kampuni ikae mbele au kwenye mfuniko, na ikikaa kwenye mfuniko, itaonekanaje begi likiwa wazi. Mwishoni walichagua begi jeusi la kung'aa, lenye nembo ya dhahabu, ambalo hata mimi nilipoliona mara ya kwanza nililipenda. Ukilibeba ulionekana mtu wa benki.

Mzee Ndalahwa aliomba apewe sampuli siku chache. Aliigeuza nje ndani, akaikwangua kwa ukucha, akaona kwamba ile ngozi ilikuwa kitambaa kilichopakwa plastiki. Mkanda wa begani ulishikwa na vikulabu viwili vya plastiki vilivyopakwa rangi ya chuma. Akapima uzito wa kompyuta yetu, chaja yake, chupa ya maji na mafaili mawili, akapata kilo sita. Akatia kilo sita za mchele ndani ya begi na kulitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo. Kila alipopita alilitikisa kidogo, kama pikipiki inavyotikisa. Siku ya nne kikulabu kimoja kilipasuka.

Aliripoti kwenye kikao cha kumi na mbili, ambacho hakikupangwa. Bwana Muganyizi alimsikiliza kwa heshima, maana Mzee Ndalahwa alimzidi umri, kisha akamwambia, "Mzee wangu, begi la ofisi si la kubebea mchele." Wajumbe wakacheka. Muhtasari wa siku hiyo, kwa mwandiko mzuri wa Mzee Ndalahwa mwenyewe, unasema kwamba sampuli iliharibika kwa matumizi yasiyokusudiwa, na kwamba katibu amekumbushwa kutunza mali ya kampuni.

Mabegi sitini yakaagizwa. Yalipofika, Mzee Ndalahwa alivuta mkanda wa la kwanza, akavuta wa la pili, akarudisha kalamu mfukoni. Hakugomba. Alisema tu kwamba yeye hawezi kusaini. Kesho yake aligundua kwamba ana likizo ambayo hakuwa ameiomba. Aliporudi kutoka Magu baada ya siku kumi na nne, mabegi yalikuwa yameshapokelewa, yamegawiwa kwa maofisa ugani na wakuu wa ofisi, na picha zake zimebandikwa ukutani mapokezi.

Hapa inabidi mwandishi ajitaje, ingawa haikuwa heshima kwake. Mwezi wa tatu wa begi langu nilikuwa natoka kupima mavuno ya mpunga wa majaribio kwa wakulima themanini na sita, vijiji vya kando ya ziwa ambako mtandao haushiki. Nilirudi kwa boti ya injini mpaka mwalo mmoja wa wavuvi, Ilemela. Nikiwa nashuka, mguu mmoja kwenye boti na mwingine kwenye jiwe, begani nikasikia mlio mdogo kama wa kuvunja njugu. Begi likateleza kifuani, likapita kati ya boti na jiwe, likaingia majini. Mvuvi mmoja alilitoa haraka. Nembo ya dhahabu ilikuwa haijabanduka. Kompyuta haikuwaka tena, na takwimu za mwezi mzima zilikuwa humo humo.

Nilipewa barua ya kujieleza kwa uzembe. Nikajieleza. Nikaitwa mbele ya kamati ya nidhamu, na watu wa ofisini wakaanza kunisalimia kwa upole ule wa msibani. Nilikuwa na mtoto wa miezi minane na mume ambaye kiwanda chake kilikuwa kimepunguza watu wiki iliyotangulia, naye akiwemo. Barua ya kuacha kazi niliiandika mwenyewe, nikaikunja na kuiweka ndani ya sidiria, kwa sababu niliona heri niondoke kabla ya kuondolewa.

Kikao kiliongozwa na mkurugenzi mpya, Bi. Specioza Rweyemamu, ambaye alikuwa na miezi miwili tu kwenye kiti. Bwana Muganyizi alisoma mashtaka. Alikuwa bado anaeleza jinsi mtumishi makini anavyoshuka kwenye boti, mlango ukagongwa, na Mzee Ndalahwa akaingia akiwa amevaa koti lake la khaki la stoo. Mkononi alikuwa na begi langu lenye madoa ya tope, na lile la sampuli lililokatikia kwenye msumari. Bwana Muganyizi alimuuliza nani amemwita.

"Hakuna aliyeniita," alisema. "Hili begi ni mali ya stoo. Nimekuja kuuliza limekufa vipi."

Akayaweka yote mawili mezani, upande wa vikulabu ukiwa juu. Vilikuwa vimepasuka mahali pale pale, kama vilivyokatwa na mtu mmoja. Alieleza habari ya mchele kwa sentensi tatu. Mjumbe mmoja akasema kwamba tatizo la begi moja au mawili halithibitishi ubovu wa mabegi sitini. Mzee Ndalahwa alikubali kwamba hiyo ni kweli. Akaomba basi, kwa ruhusa ya mkurugenzi, kila aliyekaa pale aweke begi lake mezani ili waongeze idadi ya ushahidi.

Watu walikuwa watano. Walitazamana, kisha wakainama chini ya viti. Juu ya meza likaja begi la mgongoni la kijani, begi la turubai lenye jina la mkutano wa zamani, mkoba wa ngozi uliochakaa wa mkurugenzi mwenyewe, na mfuko wa sandarusi wenye mafaili. La Bwana Muganyizi lilikuwa begi la shule, lenye picha ya ndege pembeni. Jeusi la kung'aa halikuwepo hata moja.

Bi. Specioza aliyatazama yote matano. Kisha akauliza, "Bwana Muganyizi, lako la kampuni liko wapi?"

"Liko nyumbani, mkurugenzi," alijibu. "Nimelihifadhi lisije likaharibika."

Hakuna aliyecheka. Nadhani hata yeye alisikia alichokisema, maana alianza kupanga karatasi zake ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Mkurugenzi akaniambia nirudi kazini. Nilipata barua ya kufutiwa shauri siku ile ile, na kwenye aya ya mwisho nilikumbushwa kwamba wakati wa kushuka kwenye boti begi lishikwe kwa mikono miwili. Takwimu nilizirudia kwa miguu, mkulima mmoja mmoja, wiki tatu, safari hii kwenye daftari.

Kazi ya kutafuta begi jingine akapewa Mzee Ndalahwa, peke yake, bila vikao. Hakwenda dukani. Alikwenda hapa hapa Nyakato kwa Mama Dorcas, anayeshona maturubai ya malori. Walielewana haraka, kwa sababu wote wawili huvuta kitu kabla ya kukiamini. Mzee alitaka mkanda usishonewe pembeni mwa begi, bali upite chini yake na kulizunguka lote, ili uzito ukae juu ya mkanda na usining'inie kwenye uzi. Alitaka pete za chuma, akazijaribu kwa sumaku. Alitaka zipu inayofunguka kwa mkono wenye maji, na mfuniko unaoishukia zipu hiyo ili mvua isiingie. Ndani alitaka godoro jembamba, hasa kwenye pembe, maana alisema kompyuta huangukia pembe siku zote. Mama Dorcas alimuuliza nembo ikae wapi. Akamjibu kwamba nembo haina uzito, iwekwe popote.

Begi la kwanza alilitia kigae cha sakafuni chenye ukubwa wa kompyuta, akampa dereva wa pikipiki alipeleke Magu na kulirudisha, mara tano. Kigae kilirudi kizima. Kisha akalimwagia ndoo ya maji, akalikalia, na ndipo akasaini.

Lilikuwa begi baya. Sina neno jingine. Lilikuwa na rangi ya turubai la lori, limekaa kama mto uliojazwa majani, na wakulima wa Magu walituuliza kama tumekuja kutengeneza mabomba. Sasa ni mwaka wa sita. Katika mabegi sitini ya Mama Dorcas, hamsini na saba bado yako kazini. Mawili yameibwa na kurudishwa, nadhani kwa aibu, na yamewekwa akiba stoo. Moja lilitafunwa na ng'ombe, na mkanda wake ndio uliobaki.

Mwaka juzi kampuni ilipata cheti cha ubunifu katika vitendea kazi. Kilipokelewa na Kamati ya Kuchagua Begi la Kudumu, ambayo kumbe haikuwahi kuvunjwa. Bwana Muganyizi, ambaye sasa amehamia tawi jingine na tunamtakia heri, alitoa hotuba nzuri kuhusu umuhimu wa kuwasikiliza watumishi wa chini. Katika picha ya siku hiyo Mzee Ndalahwa haonekani. Alikuwa nyuma ya mpiga picha, ameshika mikoba ya waliokuwa wanapigwa picha.

Nilimuuliza mwezi uliopita kama jambo hilo lilimuuma. Akasema cheti kilikuwa cha karatasi nyembamba. Kisha akaniuliza habari za mtoto, ambaye sasa yuko darasa la kwanza.

Mambo mengine ya utumishi wake nimeyaacha, kwa sababu ya zile kurasa mbili. Ila liko moja ambalo siwezi kuliacha. Asubuhi baada ya kile kikao cha nidhamu nilishuka stoo kumshukuru. Nilikuwa nimeandaa usiku mzima nitakachosema. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na kabla sijafungua mdomo akanisogezea fomu ya kukabidhiwa kompyuta nyingine. Nilipojaribu kuanza, akanionyesha mahali pa kuweka saini. Nilipojaribu tena, machozi yakanitoka juu ya fomu. Akaichukua taratibu, akaikausha kwa mkono wa koti lake, akasema, "Mwanangu, ulikuwa umebeba kilo sita. Kikulabu ndicho kilichokatika. Wewe hukukatika." Akaenda kupokea mzigo wa magunia.

Ile barua ya kuacha kazi niliichana siku hiyo. Hakuwahi kujua kwamba ilikuwepo, mpaka leo anaposoma hapa.

Ahsante, Mzee Ndalahwa. Nimekungoja miaka sita uwe umekaa mahali ambapo huna fomu ya kunipa. Sisi wote wa Nyakato tunakuombea afya, mvua za wakati wake huko Magu, na mchana mrefu wa kukaa na Mama Teodora bila mtu kukuulizia ufunguo. Uishi vizuri, baba.

Rebeka Chenge, Afisa Ugani