Elisha Hakuliachia Gogo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nawasalimu wote, na hasa ninyi mlioketi nyuma karibu na mlango, maana huko ndiko nilikokaa mimi miaka saba, ili wimbo wa mwisho ukianza niwe nimeshatoka. Wazee wangu, shikamooni. Mnivumilie.

Wengi mnanijua. Mimi ni Ezra, yule wa Mbio za Tatu. Kwa wageni nieleze kidogo. Baada ya vita, sisi vijana wa usharika tulianzisha mashindano yetu wenyewe, ya mbio tatu kwa mkupuo. Tulikuwa tunaogelea kulikata ziwa hili lililo chini ya kanisa, tunatoka tumelowa, tunapanda baiskeli mpaka Omurushaka, tunaziacha pale sokoni, halafu tunakimbia kwa miguu mpaka Bugene. Mshindi alipewa jogoo. Mimi nilikula majogoo matatu, miaka mitatu mfululizo, na kichwa kikavimba kweli kweli.

Mdogo wangu Elisha naye akataka kushindana. Alikuwa na miaka kumi na saba. Kukimbia alijua kuliko mimi, baiskeli aliimudu, ila maji yalimshinda. Basi nikaanza kumfundisha.

Sisi hapa mtu anayejifunza maji anapewa gogo la mgomba alale juu yake. Gogo bichi linaelea vizuri. Lakini kila mwenye kibanja cha migomba anajua kwamba likikaa siku nyingi linaoza ndani, linakunywa maji na kuwa zito. Baba alikuwa ametuonya tangu tukiwa wadogo: kila siku ya kuogelea, gogo jipya.

Asubuhi ile sikukata gogo jipya. Nilikuwa nimeshinda jana yake nikiisugua baiskeli yangu, nikachoka. Lile la wiki iliyopita lilikuwa bado liko pale kwenye matete, nikasema litatosha. Na kwa kuwa Elisha alikuwa mwoga, nikamfunga nalo kifuani kwa kamba ya mgomba, fundo zuri, ili asije akaliachia, nikamwambia alishike kwa mikono yote miwili. Tulipoanza kwenda akaniambia, "Kaka, hili limekuwa zito." Nikamjibu, "Mzito ni wewe. Twende."

Ndugu zangu, hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia ndugu yangu.

Katikati ya ziwa gogo lilianza kuzama, naye akaanza kutapatapa. Nilipiga mbizi nikahangaika na lile fundo nililolifunga mwenyewe. Mpaka nilipolifungua na kumvuta ufukweni, alikuwa amekwisha. Na sasa sikieni dhambi yangu. Kabla sijapiga kelele kuita watu, niliitupa ile kamba kwenye matete. Watu walipokuja nikawaambia, "Nilimkataza asiliachie gogo. Akaliachia, alitaka kujionyesha."

Mkaniamini. Pale msibani watu walisema kiburi kilimponza. Mpaka leo, mtoto akishuka ziwani nasikia mama yake akimwambia, usije ukaachia gogo kama Elisha. Kila nilipoyasikia maneno hayo nilikufa kidogo.

Mazoezi niliyaacha. Ile baiskeli ya mashindano ikawa ya kubebea ndizi kwenda Omurushaka, na nikirudi napitia kwenye rubisi, nanywa pombe ile mpaka nisahau jina langu. Ziwa nililikimbia. Nilizunguka mlima mzima ili nisipite njia ya chini. Miaka saba, waitu, ndugu zangu!

Ndipo usharika ukatangaza kuzirudisha Mbio za Tatu. Mama yangu, mjane, alitoka ibadani siku hiyo akaniambia nirudi mazoezini. Nilicheka. Hakucheka. Basi nikaanza, kwa kumheshimu tu. Nilikuwa na tumbo la rubisi, pumzi zilikuwa zinaniishia kabla sijafika kisimani, na watu walikuwa wanauliza mzee mzima anakimbizwa na nani. Nilitapika njiani. Lakini miguu haisahau kabisa. Baada ya miezi miwili niliweza kwenda Omurushaka na kurudi kwa baiskeli bila kushuka mlimani, na pombe ikaniponyoka mkononi bila mimi kujua ni lini. Ashukuriwe Mungu!

Maji ndiyo yalinishinda. Kila asubuhi nilikuwa nashuka mpaka ufukweni, nasimama, narudi nyumbani na nguo kavu. Wiki tatu.

Asubuhi moja nikamwona mama anashuka mteremko ule, amejitwika kipande cha mgomba kichwani, kibichi, utomvu unamchuruzika begani. Akakitua miguuni pangu. Akaweka mkono kifuani pake, hapa, akasema, "Kamba ilimwacha na alama hapa. Niliiona nilipomwosha. Mtu aliyefungwa haachii gogo, Ezra."

Alijua! Miaka yote ile alikuwa ananipakulia chakula, anajua. Nililia kama mtoto, nikamwambia yote. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema alikuwa amebaki na mtoto mmoja, na angemfukuza huyo angebaki na nani. Kisha akaketi kwenye nyasi, akaomba kwa sauti, nami nikaingia majini na lile gogo jipya. Niliogelea, ndugu zangu. Yesu alinifungua siku ile. Mashindano yalipofika nilikuwa wa tatu kutoka mwisho, na sikujali.

Lakini mama alikuwa amenipa neno moja pale ufukweni. Alisema, "Mimi nimekusamehe siku nyingi. Ila jina la Elisha ulilichafua mbele ya watu. Mbele ya watu ulisafishe." Nikamwahidi kwamba nitasema Jumapili inayofuata. Jumapili ikafika, nikasema ngoja mashindano yapite. Yakapita, nikasema ngoja tuvune kahawa. Kila Jumapili alikuwa ananitazama kutoka benchi lile la tatu, upande wa akina mama, na mimi ninatazama chini.

Mlimzika mwezi uliopita, kibanjani, kando ya Elisha. Benchi mnaliona. Nimekuja kusema leo, na aliyetaka kusikia hayupo.

Namshukuru Mungu aliyenipa mama wa namna ile. Nawashukuru na ninyi, hata kama mkitoka hapa hamtanipa mkono. Wewe uliyeketi nyuma karibu na mlango na una kamba uliyoificha kwenye matete, Yesu anaijua na hajakufukuza. Njoo mbele wakati anayekusubiri angali yupo. Usikawie kama mimi.

Na akina mama, watoto wakishuka ziwani, waambieni wakate gogo jipya. Yale maneno mengine msiyaseme tena. Elisha hakuliachia gogo. Alilishika kama nilivyomwambia.