Merrill Haddow, Fundi wa Boti za Mbao za Ziwa Muskoka

Marehemu Merrill Haddow alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 mjini Bala, kando ya Ziwa Muskoka nchini Kanada, mtoto wa pili wa Bwana Orrin na Bi. Hester Haddow. Alisoma hapo Bala, kisha akaenda sekondari Bracebridge, ambako hakumaliza. Mwaka 1957 aliingia karakana ya mjomba wake, na hakufanya kazi nyingine maishani.

Alijifunza kupinda mbao kwa mvuke na kupaka mahogani vanishi tabaka juu ya tabaka, hadi boti zake za kasi zikajulikana ziwa zima. Michoro hakuwa nayo: umbo la boti mpya alilipima kwenye boti iliyotangulia. Kila Mei, boti ya mbao iliyokaa nchi kavu majira yote ya baridi huvuja inaporudishwa majini, mpaka mbao zivimbe na kuziba nyufa. Mteja mmoja wa Toronto alimpigia simu akihema kwamba yake inazama. Marehemu akamjibu, "Iache inywe, bwana. Ina kiu tangu Oktoba. Ikishiba itatulia."

Mwaka 1966 alifunga ndoa na Bi. Verna Sproule, aliyemtangulia mbele ya haki mwaka 2009. Walijaliwa binti mmoja, Janine, anayesoma wasifu huu. Boti yake bora aliiita Verna, akaiuza mwaka 1988.

Vumbi na harufu kali za kazi yake vilimmaliza mapafu. Mwaka jana chuo cha ufundi kilikubali kumletea wanafunzi, ilimradi apate boti moja nzima aliyoiunda mwenyewe, ya kupimia umbo. Wenye boti ile, Verna, wakairudisha bure. Alifurahi hata akanyoa ndevu. Kumbe walikuwa wameifunika chini kwa faibaglasi isivuje tena, wakidhani wanaitunza, na mbao zikaozea humo ndani. Alipoichoma kwa bisibisi, ilizama mpaka kwenye mpini.

Janine alimwambia, "Baba, tutatafuta nyingine."

"Ipi, mwanangu? Zangu zote nimeshazizungukia, hakuna nzima. Ilibaki hii."

Chuo kiliambiwa kisije. Hakuifungua tena karakana.

Alifariki nyumbani tarehe 2 Novemba 2023. Daktari aliandika mapafu, nasi hatukubisha.

Ameacha binti, wajukuu wawili na dada yake, Lois. Ameacha pia karakana yenye vifaa vyote, na hapa ziwani hakuna anayejua kuvitumia. Bwana ampumzishe.