Amira binti Ilias, Aliyeishi Saa Tano

Ndugu waombolezaji, marehemu Amira alizaliwa Jumanne, tarehe 17 Juni 2025, saa mbili na nusu asubuhi, katika kituo cha afya hapa Bujumbura, mtoto wa kwanza wa Ilias, fundi magari, na mkewe Sijaona, mshona nguo wa Buyenzi, ambaye alikaa kwenye cherehani mpaka siku ya mwisho kwa kuwa mwenye nyumba hasubiri mimba.

Shule hakusoma, kazi hakufanya, ndoa hakufunga, na wale wanaonong'ona kwamba mtoto wa saa tano hana historia, Sijaona anawaomba wasikilize hii.

Uchungu ulianza alfajiri, mkunga akaona mtoto amekaa vibaya, akaagiza mama apelekwe hospitali kubwa, lakini gari la wagonjwa halikuwa na esansi, petroli iliyoadimika mjini kote, wala magari saba yaliyolala katika gereji ya Huseni, kaka yake Sijaona. Huseni alikwenda dukani kwa mzee Salem, baba yake Ilias, muuza vipuri, ambaye tangu mwanawe aoe Buyenzi hajakanyaga kwao, na ambaye alikuwa na pipa zima la msafara wa arusi ya bintiye Nawal, akamwomba lita tano.

"Jana walikuya watu kumi, wote wako na haraka," mzee alimjibu. "Ile ni ya arusi, Huseni. Apana."

Neno moja lingefungua pipa lile, lakini kwetu uchungu wa mwanamke hautajwi nje kabla mtoto hajalia, kijicho kisije kikasikia, basi Huseni akanyamaza, na mzee hakuuliza.

Amira alizaliwa palepale kituoni, amechoka, bila kulia, akafariki saa saba na nusu mchana. Sijaona anajua kwamba mzee hakujua, anajua pia kwamba kule Kibenga kwa matajiri hakuna mzazi anayengojea lita tano, na bado hajasamehe.

Familia inamshukuru mkunga Mwanvua, aliyempulizia mtoto pumzi kwa kinywa chake, majirani waliochimba kaburi, na mafundi waliofunga gereji siku tatu. Mzee Salem, uliyeketi karibu na mlango, sanda yako ilipokewa, shukrani utazingojea.

Sijaona ameagiza jambo moja, kwamba tangu leo mwanamke wa nyumba hizi akishikwa na uchungu, utangazwe mlangoni kwa sauti kubwa, ili mwenye esansi akatae akiwa amesikia.

Amira, Mungu akupe raha uliyonyimwa hapa.