Bi Pandisha Hakukosea

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mwandishi mkuu wa programu za ripoti katika kampuni yetu ya kunyanyua mizigo anastaafu baada ya kutumikia miaka thelathini na moja na miezi minane. Cheti alichoandaliwa na ofisi ya utawala kinasema miaka thelathini. Wameishusha! Mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kuzuia namba zisikosewe upande, anaagwa kwa namba iliyokosewa. Kamati ya sherehe imeniomba wasifu mfupi wenye furaha. Furaha ipo, ila itabidi isubiri hasira ipite kwanza.

Wengi wenu mnamjua kama Bi Pandisha, na wageni hudhani ni jina la ukoo. Thubutu! Ni jina la kazi. Kila asubuhi, kabla kreni yoyote haijawashwa, programu yake huchapa karatasi inayomwambia dereva uzito wa juu anaoruhusiwa kunyanyua. Uzito huo unategemea umbali kati ya kreni na mzigo: mzigo ukiwa mbali zaidi, kreni inabeba uzito mdogo zaidi. Jedwali la watengenezaji linakwenda kwa hatua za mita mbili mbili: kumi, kumi na mbili, kumi na nne. Lakini uwanja wa kazi hauna adabu hiyo. Unakuletea kumi na mbili nukta saba, namba ambayo kwenye jedwali haipo, na programu lazima iisogeze mahali. Iende wapi?

Bi Pandisha alijibu mwaka wake wa kwanza na hakubadili jibu hadi leo: inapanda. Kumi na mbili nukta saba inasomwa kumi na nne. Hata kumi na mbili nukta moja, kumi na nne. Ukikosea upande huo, utabeba pungufu kidogo na jioni utarudi kwako. Ukikosea upande wa pili, kreni inainuka miguu.

Mazoea yana taabu. Ukimwuliza zimebaki dakika ngapi tufike chakula cha mchana, zikiwa tatu husema tano. Mumewe alitulalamikia hadharani kwamba akichelewa robo saa, nyumbani anahesabiwa nusu. Na mwaka ule wa kwanza madereva walimcheka sana, maana mita kumi na nne kamili ilisomwa kumi na sita. Siku tatu alikaa na rundo la karatasi, hadi akagundua kompyuta ilikuwa imebeba mkia mdogo mno usioonekana, kumi na nne na chembe, na kwa chembe hiyo ikapanda. Tangu hapo hugeuza mita kuwa sentimita nzima kwanza, ndipo apandishe. Kicheko kikaisha.

Sasa hasira. Miaka kumi na mbili iliyopita tuliletewa meneja wa shughuli aliyechoshwa na kreni kusogezwa kila mara karibu na mzigo. Akaamuru kila namba iende kwenye hatua iliyo karibu nayo, kama tulivyofundishwa shuleni. Bi Pandisha alimjibu mbele yetu sote kwamba shuleni hakukuwa na kreni. Akaandika kukataa kwake, akatia saini, akaibandika karatasi mlangoni, kisha akaenda likizo ya wiki mbili kumwuguza mama yake aliyepasuliwa macho.

Wiki ya pili ule mstari wa programu unaopandisha namba ukabadilishwa. Jumanne likaja tangi la tani tano, umbali mita kumi na mbili nukta saba. Karatasi ikasoma kumi na mbili, ikaruhusu tani tano na ushei. Ingepanda kumi na nne, ingeruhusu nne tu. Dereva wetu Shingo, aliyepata jina kwa kutazama juu maisha yake yote, aliiamini, maana kwa miaka kumi na tisa karatasi ya Bi Pandisha, aliyemwita dada yake wa ofisini, haikuwahi kumdanganya. Kreni ikainuka miguu ya nyuma, ikalalia ukuta wa stoo. Hakufa mtu. Shingo alivunjika nyonga, na tangu siku hiyo analinda geti.

Na barua ya onyo akaandikiwa nani? Bi Pandisha! Eti kwa kuwa jina lake ndilo lililo chini ya karatasi. Kamati ya uchunguzi ilikaa nusu saa. Meneja akaapa hakuona tangazo lolote mlangoni, na kweli halikuwepo tena. Barua inasema "uzembe katika hesabu", na imo kwenye faili lake hadi leo. Imemkosesha ukuu wa idara mara mbili, na wiki iliyopita utawala umemnyima nishani ya utumishi kwa sababu faili si safi. Uzembe! Jamani, mwogopeni Mungu.

Mnadhani namkasirikia meneja. Namkasirikia, ndiyo, lakini meneja hakujua hata kuifungua hiyo programu. Alinituma mimi. Mimi wa meza ya pili, niliyefundishwa kazi na mama huyu tangu herufi ya kwanza, niliufuta mstari wake nikaandika wa meneja. Nikaujaribu kwa kumi na mbili kamili na kumi na nne kamili, namba ambazo haziwezi kukosea, nikaenda kula. Karatasi ya mlangoni niliibandua kwa mkono huu huu. Mbele ya kamati nikanyamaza. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alijua siku ileile aliyorudi, kwa kuwa anaujua mwandiko wangu wa programu kuliko ninavyoujua mwenyewe. Aliurudisha mstari wake, akaniambia siku nyingine nijaribu na nukta saba. Basi. Nilikuwa na mtoto mchanga nyumbani, na alilijua hilo pia. Miaka kumi na mbili hakunitaja.

Leo saa mbili asubuhi nimekabidhi utawala barua ya kukiri. Nakala nimempelekea Shingo getini, nikasimama mpaka akamaliza kuisoma. Aliikunja, akanifungulia geti, akatazama pembeni. Siombi msamaha wa mtu. Nataka lile onyo litolewe kwenye faili lake kabla ya Ijumaa na liwekwe kwenye langu, na nishani yake itolewe hadharani.

Mama, asante kwa kila dereva aliyerudi kwake akitembea kwa miguu yake. Tunakuombea mapumziko marefu, afya na wajukuu wa kukuchosha. Wenzangu watakutakia hayo kwa makofi ukumbini. Mimi nitakuwa nimesimama mlango wa nyuma, nikisubiri kusikia jina lako likisomwa bila doa, na langu likisomwa baada yake na doa hilo.