Marumaru za Bafu la Mwalimu

Kamwene jamani. Kamwene tena, nyuma huko sijawasikia. Haya, asanteni. Nawasalimu kwa upendo wa Bwana wetu aliyetufikisha salama kwenye kikao hiki. Mwenyekiti amenipa dakika kumi. Nikizidisha, mama uliye karibu nivute gauni.

Wengi hapa mnanijua kama yule dada anayepita na ndoo na mwiko. Mimi ni fundi wa marumaru, tailizi kama tunavyosema mtaani. Kuna mama hapo mbele anacheka, kwa sababu sakafu ya jiko lake niliipanga mimi na mpaka leo ananidai kona moja. Nitakuja, mama. Lakini kuna kipindi niliiacha kazi hii kabisa, nikaapa sitaigusa tena maishani. Hicho kipindi ndicho nimesimama kukisema. Majina ya watu sitayataja.

Nimezaliwa Chimala. Wazazi wangu walihamia huko Usangu kutoka Usukumani na ng'ombe zao, baadaye wakaingia kwenye mpunga. Ufundi nimeupatia hapa Iringa. Nilianza kwa kuchota mchanga na kuchanganya saruji kwa fundi mmoja mzee, mpaka siku moja akaniachia mwiko na kuniambia, "Hebu panga hizo tatu za pembeni." Nikapanga. Akazigonga kwa mpini wa nyundo, akasikiliza kama kuna uwazi chini yake, akaondoka. Kesho yake akanipa ukuta mzima.

Nilipoanza kujitegemea haikuwa rahisi. Mtu anakuita, anafika anakukuta umesimama na pimamaji mkononi, halafu anauliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" Nikawa napewa vyoo vya uani na vibaraza vya maduka. Kazi ya maana, ile ya kupiga picha ukaweka kwenye simu watu wakauliza nani kafanya, sikuwahi kuipata. Na niliitamani, jamani, sitawaficha.

Ndipo nikaitwa na mama mmoja wa Mlandege, mwalimu mstaafu. Nitamwita Mwalimu tu, maana hata nyumbani kwake wanamwita hivyo. Mwalimu alikuwa na ndoto moja, bafu. Zamani alipelekwa semina, akalala hoteli usiku mmoja, akaoga maji ya moto yanayoshuka juu kama mvua, kuta zinang'aa pande zote. Hakuwahi kuyasahau yale maji. Kwake yeye alikuwa anaogea bafu la uani, sakafu ya saruji iliyochimbika, na baridi ya Iringa mnaijua inavyopita chini ya mlango. Aliniambia, "Fundi, nimefundisha watoto wa watu nikiogea beseni. Sasa nataka nioge kama mtu aliyestaafu."

Tukaenda dukani pamoja. Mwalimu alikuwa anagusa kila kitu. Alifungua koki, akafunga, akasimama chini ya bomba la mvua ambalo halina maji akafumba macho. Nilifurahi kumwona. Tulipofika kwenye marumaru za sakafu, yeye mwenyewe, kwa mkono wake, alichagua za kijani zenye uso wa kukwaruza. Akasema, "Hizi nzuri."

Mimi nikamwonyesha nyingine. Nyeupe, kubwa, zina mishipa ya rangi ya dhahabu, zinang'aa mpaka unaona meno yako. Nilishaiona picha yake kichwani.

Mwalimu akainama, akapitisha kiganja. Akaniuliza, "Hizi zikilowa hazitelezi?"

Ndugu zangu, nawaambia, swali lilikuwa fupi hivyo. Na jibu nilikuwa nalo. Yule fundi mzee alinifundisha mapema kabisa kwamba marumaru ya kung'aa mahali pake ni ukutani, chini ya bafu unaweka yenye kukwaruza, kwa sababu sabuni na maji havina huruma. Nilijua kama ninavyojua jina la mama yangu. Nikaangalia boksi, nikasema, "Hapana, Mwalimu. Hizi ndizo za kisasa. Mahoteli yote ndizo wanaweka."

Akazichukua.

Kazi nilifanya kwa moyo wote, mpaka mabomba nilipitisha mwenyewe. Nilipomaliza, lile bafu jipya la ndani lilikuwa kama limeshushwa kutoka mbinguni. Kioo chenye taa, bomba la mvua, hita, na marumaru zile nyeupe, sakafu mpaka kuta. Nikapiga picha, nikaziweka. Simu zikaanza kuita, moja mpaka Mbeya mjini. Nikajiona nimefika.

Haukupita mwezi. Nilikuwa kwenye kazi nyingine, mwiko mkononi, binti yake Mwalimu akapiga. "Dada, mama ameanguka bafuni. Amevunjika nyonga. Tuko hospitali." Sauti yake haikuwa na lawama hata kidogo. Alikuwa ananiarifu tu kama mtu wa karibu. Nikasema pole, nikasema nakuja.

Sikwenda. Siku ya kwanza nikasema kesho. Kesho yake nikasema acha apumzike kwanza. Siku ya nne nilibeba machungwa, nikafika mpaka getini, nikawaona watu wanaingia kuona wagonjwa wao, nikageuka. Machungwa nikamwachia mama mmoja aliyekaa nje pale, hata simjui. Halafu nikatoa laini kwenye simu, nikafunga vyombo vyangu, nikapanda basi kwenda Chimala.

Mama yangu nilimwambia nimechoka na vumbi la saruji. Mashine yangu ya kukatia, nyundo, tindo, pimamaji, vyote nikavisukuma chini ya kitanda chake. Nikaingia shambani. Nilikaa msimu mzima wa mpunga, kuanzia kupandikiza mpaka tunavuna. Watu pale walikuwa wanajenga, wakija kuniuliza nasema mikono inauma. Kanisani niliacha kwenda. Nikioga, mguu ukigusa sabuni, moyo unaruka. Nilikonda mpaka shangazi zangu wakaanza kunong'onezana. Na kila siku nilijiambia neno lile lile, kwamba siyo mimi niliyemwangusha. Mkiona mtu anajirudia hivyo, jueni anajibishana na mtu ambaye hajamwuliza kitu.

Sasa sikilizeni. Siku moja mchana mama yuko uani anapeta mchele, simu yake ikaita. Akapokea, akanyoosha mkono. "Kuna mtu wa Iringa anakutaka. Anaongea kama mwalimu."

Nilisahau kabisa kwamba niliwahi kumpigia Mwalimu kwa simu ya mama, wakati wa ile kazi, nilipokuja nyumbani kwenye msiba. Namba alikuwa nayo. Nikaweka simu sikioni.

"Fundi, hujambo?"

"Sijambo, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi hospitali nilishatoka, natembelea chuma cha miguu minne. Nina bafu zuri kuliko yote Mlandege, na naogeshwa chumbani na binti yangu kwenye beseni kama mtoto mchanga. Nakuita kazini."

Nikasema, "Mwalimu, mafundi wako wengi Iringa."

"Wako. Lakini wewe ndiye uliyepitisha mabomba, unajua chini ya hizo marumaru kuna nini. Njoo wiki hii." Akakata.

Nikakaa chini, nikamweleza mama yangu yote, kuanzia dukani. Hakuacha kupeta. Nilipomaliza akauliza, "Huyo mtu amekufa?"

"Hapana, mama."

"Amekuita kwa ubaya?"

"Hapana."

"Basi, ng'wanawane, mwanangu, unafanya nini hapa? Toa vyombo vyako chini ya kitanda changu. Nimechoka kuvizunguka na fagio."

Mnacheka, lakini mimi siku ile sikucheka.

Nilimkuta Mwalimu amekaa barazani, amepungua, kile chuma kipo pembeni yake. Sikungoja kukaribishwa. Nilipiga magoti pale pale kwenye saruji. Nikasema, "Mwalimu, siku ile dukani uliniuliza kama zinateleza. Nilijua zinateleza. Nilikudanganya kwa sababu nilitaka picha."

Akanitazama pale chini. Halafu akasema, "Nilijua unajua. Ulinijibu ukiangalia boksi. Nimeuliza watoto maswali tangu nikiwa msichana, nawajua wanavyoangalia pembeni."

"Sasa kwa nini ulikubali?"

"Kwa sababu na mimi nilizitamani. Nilitaka uniambie vile, ukaniambia." Akashika kile chuma chake. "Lakini usije ukadhani sikuumia. Kule wodini nilikutukana matusi ambayo mwalimu hapaswi hata kuyajua. Na nikwambie ukweli, mfupa nilikusamehe mapema. Kutokuja kwako ndiko kulikonisumbua. Kila mlango ukifunguliwa nasema huyo fundi wangu. Hilo ndilo limenichukua muda kulisamehe."

Jamani. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa habari ya mfupa. Sikuwa nimejiandaa kwa hiyo. Nililia mpaka binti yake akatoka ndani na maji. Na hapo ndipo nikaelewa. Kwa miezi yote nilikuwa nakimbia mtu ambaye alikuwa ananingoja mlangoni.

Mwalimu akaniacha nimalize, kisha akasema, "Inuka sasa, tufanye kazi. Sitaki bafu la wodini, lenye harufu ya dawa na rangi ya huzuni. Nataka bafu zuri. Na nataka nioge peke yangu, mlango umefungwa."

Tukarudi duka lile lile, na hatukuwa na haraka. Nilibeba chupa ya maji na kipande cha sabuni. Nikalaza marumaru sakafuni, nikamwaga maji, nikapaka sabuni, Mwalimu akavua kandambili. Mwenye duka akaja mbio. "Mama, hapa ni dukani!"

Mwalimu akamwambia, "Najua. Na mimi ni mteja."

Nilimshika kiuno, akakanyaga. Ya kwanza mguu ukaenda. Ya pili ukaenda kidogo. Ya tatu, ya kijani kama shamba la chai la Mufindi, nzito, imechomwa vizuri, haina mng'ao, mguu ukatulia pale kama umegundishwa. Mwalimu akaniangalia usoni. "Fundi, hii inateleza?"

Nikamwangalia. "Haitelezi, Mwalimu."

Hatukuchukua vitu duni. Tulichukua koki inayoshika joto la maji lisipande ghafla likamchoma, kiti cha mbao kinachokunjwa ukutani, na vyuma vya kushikilia visivyopata kutu. Halafu nikashika tindo, nikavunja sakafu yangu mwenyewe, zile zile za kwenye picha. Kipande cha kwanza kiliuma. Cha pili hakikuuma sana. Nikaondoa kizingiti cha mlangoni, sakafu ikawa moja na korido, nikaweka mteremko mdogo maji yakimbilie pembeni. Vyuma nilivifunga ndani ya tofali kabisa, siyo kwenye plasta, kisha nikaning'inia kimoja kimoja kwa uzito wangu wote. Mwalimu alikaa koridoni kwenye kiti, anakagua kama daftari. "Hicho shusha kidogo, mkono wangu hauendi huko." Nashusha. Na kuta? Kuta tuliziacha nyeupe na mishipa yake ya dhahabu. Ukutani ndiko kwake, na pale zilipendeza kweli.

Siku ya kufungua, Mwalimu aliingia na chuma chake, akafunga mlango. Mimi na binti yake tukabaki nje tumeshikana mikono. Tukasikia maji. Tukasikia kiti kinashuka. Kimya. Binti akashindwa kuvumilia. "Mama, uko salama?"

"Nendeni mkapike! Mnanihesabia dakika?"

Hatukwenda popote. Baadaye kidogo akaanza kuimba. Wimbo wa kanisani, ubeti wa kwanza, wa pili, na maji yanaenda. Alipotoka, amejifunga khanga, mvuke unamfuata nyuma, uso umepakwa mafuta unang'aa. Akasema maneno matatu tu. "Fundi, leo nimeoga."

Nimerudi kazini tangu siku ile. Sasa hivi nikiitwa kutengeneza bafu, kabla ya rangi na kabla ya bei nauliza nani ataoga humu. Kuna bibi? Kuna mjamzito? Kuna mtu mguu wake mmoja hauna nguvu? Chupa yangu ya maji ya sabuni naingia nayo madukani, na wenye maduka wengine wakiniona wanaguna. Wengine wameanza kuiazima. Mwezi uliopita nilimaliza bafu la mzee mmoja Rujewa aliyepooza upande, na mke wake amenitumia mchele ambao nyie mtaula leo tukimaliza hapa.

Namshukuru Mwalimu, ambaye angeweza kunishtaki akaamua kuniita. Namshukuru binti yake, hajawahi kunitazama kwa jicho baya. Namshukuru mama yangu kwa kunifukuza kwake. Nawashukuru na ninyi wa kikundi hiki. Niliporudi mnanishangaa nilikuwa wapi, mlinisogezea kiti kwanza, maswali mkaniuliza baadaye.

La kuwaachia ni hili. Vitu vizuri si dhambi. Pambeni nyumba zenu, wekeni hizo bafu, mmezihangaikia. Ila mtu akikuuliza swali na jibu unalijua, mpe wakati marumaru bado iko kwenye boksi. Na kama ulishachelewa, kama ilishapangwa, ikalowa, mtu akaanguka, basi usifanye kama mimi. Nenda hospitali. Ingia pale getini na machungwa yako, na woga wako hivyo hivyo. Yawezekana kila mlango ukifunguliwa, kuna mgonjwa anainua kichwa aone kama ni wewe.

Nimemaliza. Mungu azidi kuwatunza.