Vijiti vya Kamanda Lẫm

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Utamaduni wa Mkoa. Viongozi wa wilaya mlioongozana naye. Wazee wetu, ndugu na majirani:

Sisi wakazi wa Rạch Lau tunakupokea kwa mikono miwili. Tumesikia kivuko cha pili kiliharibika, ukamalizia safari kwa mtumbwi wa mama muuza maboga. Pole sana. Samaki wako motoni na wali wa kunata uko tayari, kwa hiyo Mwalimu Trầm, anayetusomea, ameahidi kutorefusha.

HISTORIA

Tulisimuliwa na wazee wetu kwamba Kamanda Lẫm alipigana na Wafaransa katika mifereji hii kwa miaka mitatu, hadi walipomkamata na kumkata kichwa sokoni. Jina lake wakalipiga marufuku. Babu zetu wakajenga hekalu, na kwenye kibao cha madhabahu wakaandika "Bwana wa Maji". Ofisa wa Kifaransa akija kuuliza, anaambiwa huyu ni mungu wa mto, anatuzuilia mafuriko. Walificha vizuri. Tatizo, Mheshimiwa, walificha vizuri mno. Waliojua walikufa, tukabaki na kibao na masimulizi.

Mwaka juzi tuliomba hekalu litambuliwe. Ofisi yako ilitujibu kwa adabu: kibao kinasema Bwana wa Maji, je, ushahidi wa Kamanda uko wapi? Tulichokuwa nacho ni masimulizi tu. Wakati huohuo ukaja mchoro wa tuta jipya la kuzuia maji, nalo linapita hapahapa tulipoketi. Hekalu lililotambuliwa hukwepwa. Lisilotambuliwa huvunjwa.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu ni mtu mmoja, Bibi Sáu Nhạn, mwenye miaka sabini na mmoja, mtunza hekalu. Aliolewa katika ukoo uliolitunza kwa vizazi vitano. Mama mkwe wake alipomkabidhi kazi, alimwonyesha jinsi ya kupanga chakula cha siku ya kumkumbuka Kamanda: bakuli katikati, vijiti vya chakula upande wa kushoto.

"Mama, mbona kushoto?"

"Weka hivyohivyo."

"Lakini nyumbani tunaweka—"

"Nhạn, samaki wanaungua."

Akaweka hivyohivyo kwa miaka arobaini na sita. Barua ya ofisi ilipokuja, swali likamrudia na halikumwacha alale. Tangu lini mungu wa maji akawa na shoto?

Akapanda mtumbwi hadi Xẻo Tràm kwa Mzee Chín Đởm, mwenye miaka tisini na mitatu, ambaye babu yake alimpigia Kamanda makasia. Alimkuta anakunywa uji.

"Mzee wangu, Kamanda alikuwa anakulaje?"

"Kwa mdomo."

"Nauliza mkono."

Mzee akacheka hadi akapaliwa. Kisha akahamishia kijiko mkono wa kushoto. "Babu alisema ukikaa karibu naye kwenye chakula, lazima mgongane viwiko. Wewe nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia," akajibu Bibi Nhạn. "Ndiyo maana nimekuja."

Mwalimu Trầm akaiandikia barua hifadhi ya nyaraka jijini. Baada ya miezi mitano ikaja nakala ya tangazo la Wafaransa la kumsaka: mtu mfupi, kovu kidevuni, hutumia mkono wa kushoto. Pamoja nalo, kwenye karatasi ya pili, ilikuwepo taarifa ya kuuawa kwake. Tulipoigeuza tarehe kwa kalenda yetu ya mwezi mwandamo, ikawa siku kama ya leo, siku ambayo tumekuwa tukimpikia bila kukosa. Kibao kiliandikwa kwa ajili ya Wafaransa. Vijiti viliwekwa kwa ajili yake.

CHANGAMOTO

Taarifa hiyohiyo inamtaja pia aliyewaonyesha askari maficho. Ni mtu wa hapa. Ni babu wa ukoo wa marehemu mume wa Bibi Nhạn, na mtunza hekalu wa kwanza alikuwa mwanawe. Kama mwana huyo alijitolea kulitunza, au kijiji kilimlazimisha, au baba mwenyewe alimtuma, hatujui, na tumejiuliza sana.

Kamati ilikaa. Mwenyekiti wetu, Bwana Út Phới, alishauri tupeleke tangazo tu, ile taarifa tuiweke kando. Wengi tulikubali, kwa kumpenda Bibi. Yeye akauliza taratibu:

"Kwa hiyo mama mkwe alijua?"

Bwana Út akaanza kuikunja ile taarifa.

"Pelekeni zote, Út. Tumeficha vya kutosha."

"Dada Sáu, wajukuu zako wanasoma shule ya hapahapa."

"Basi wasome na hiyo."

Karatasi zote mbili ziko mezani pako, Mheshimiwa.

Tangu siku hiyo, mwezi wa nne sasa, Bibi Nhạn anafagia ua, anapika, anapanga sinia, halafu anampa mwingine aingize. Kizingiti cha hekalu hakivuki. Tumemwambia hatuna neno naye. Anajibu, "Najua. Ila sijajua yeye Kamanda anasemaje."

MAOMBI

Tunaomba hekalu litambuliwe kwa jina la mwenyewe. Tunaomba tuta lipinde kidogo. Wapimaji walituambia ni mita thelathini tu.

Ombi la tatu halikuwemo kwenye risala iliyopitishwa na kamati. Mwalimu Trầm ameliongeza asubuhi ya leo, na sote tumeweka sahihi isipokuwa mtu mmoja aliyeko jikoni, ambaye hajui. Utakapokaribishwa kuwasha udi, tafadhali usiingie kwanza. Mwite Bibi Nhạn, umwombe atangulie. Sisi ametukatalia kwa sababu ametuzoea. Wewe ni mgeni, na hajawahi kumkatalia mgeni kitu.

Tunakuombea afya, mchele usioisha nyumbani kwako, na watoto wanaokuuliza maswali. Kamanda Lẫm akuangalie kwa jicho jema.

Ni sisi wakazi wa Rạch Lau, tuliosimama nyuma yako tukingoja uite.